Kabla ya pula, nunua kipimo

Hotuba kwa vijana waliomaliza mafunzo ya ufundi wa magari, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti wa mafundi, walimu, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa, naomba nisiirudie. Vijana wangu mnaoanza kazi, hongereni sana. Jua ni kali na wengine mmesimama, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nimeombwa nizungumzie vifaa maalumu vya injini: vipi vya kununua, kipi kitangulie, na vipi vya kuachana navyo. Spana, soketi, bisibisi na plaisi sizigusi. Kila aliyekaa hapa anazo, au anajua atazipata wapi. Nazungumzia vile ambavyo mtu akichungulia boksi lako atakuuliza, "Fundi, hiki nacho ni cha nini?" Ndivyo vinavyokula hela, na ndivyo vijana wengi mnavyovinunua kinyumenyume.

Ninachokiona mitaani ni hiki. Kijana akishika hela yake ya kwanza ya maana anakwenda Kariakoo, anarudi na pula ya miguu mitatu ya kung'olea puli, gani ya upepo na boksi la soketi lisilobebeka. Vyote hivyo ni vya kufungulia. Injini inafunguka haraka, tena kwa kelele nzuri za kuvutia watazamaji. Ikifika zamu ya kuirudisha, boksi limekwisha maneno. Halina cha kumwambia silinda imelika kiasi gani, hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, imepinda au iko sawa, bolti imefika au imepitiliza. Anakisia. Anakaza mpaka mkono umwambie basi. Baada ya wiki tatu gari linarudi linachemsha, na mteja anapaza sauti gereji nzima isikie kwamba ameangukia kwa fundi maiko.

Msimamo wangu ni kwamba hela ya kwanza iende kwenye kupima. Vya kuvuta, vya kubana na vya kushikilia unaweza kuazima, kukodi, na vingine ukachomelewa kule mtaa wa Gerezani kwa kipande cha chuma. Kipimo hakichomelewi.

Tuanze na injini zenyewe, maana kifaa maalumu huchaguliwa na injini inayoingia getini. Picha iliyo kwenye boksi isikudanganye. Kaa na daftari mwezi mzima, andika kila injini iliyofunguliwa hapo unapofanyia kazi. Kwa Dar es Salaam naweza kukuambia mapema daftari litasomekaje. IST, Probox, Succeed, Allion na Premio za sisi 1500: 1NZ. Spacio, Allion na Premio za mwanzo za sisi 1800: 1ZZ. Land Cruiser mkonga za miradi: 1HZ. Hiace, Hilux na Prado nyingi za dizeli ya lita tatu: 1KD. Zipo nyingine, lakini hizi ndizo zitakazokulisha.

Sasa tazameni vipenyo vya silinda. 1NZ ni milimita 75. 1ZZ ni 79. 1HZ ni 94. 1KD ni 96. Maikromita, vile vipimo vya skrubu vya kupimia unene, nazo huuzwa kwa hatua za milimita 25: kuna ya 0 mpaka 25, ya 25 mpaka 50, ya 50 mpaka 75, na ya 75 mpaka 100. Mmeona? Silinda za injini zote nne zinaangukia kwenye maikromita moja, ya 75 mpaka 100, ukiitumia kusetia ile geji ya saa inayoingia ndani ya silinda. Shingo za krenki ya 1NZ, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni milimita 46 kwenye mein na 40 kwenye konrodi, kwa hiyo hapo unataka ya 25 mpaka 50.

Mtego uko kwenye pistoni. Pistoni ya 1NZ ni ndogo kuliko silinda yake kwa sehemu chache za mia za milimita, yaani iko chini kidogo ya 75, na maikromita inayoanzia 75 haifungi kufika hapo. Lazima uwe na ya 50 mpaka 75. Kijana asiyejua hili ananunua ile kubwa, anapima silinda, akifika kwenye pistoni anakwama, kisha anasema pistoni haina haja ya kupimwa. Ile ya 0 mpaka 25, ambayo dukani ndiyo ya bei rahisi na ndiyo wote mnaanza nayo, kazi yake ni vitu vidogo kama unene wa vikombe vya vali. Ina maana yake, lakini si ya kwanza.

Ukiwa dukani, maikromita zote kuanzia ya 25 mpaka 50 zinatakiwa ziwe na kifimbo cha kuhakikishia sifuri. Omba kifimbo, kiweke katikati, funga kwa ile racheti ndogo ya mwisho, usome. Fungua, rudia. Ikikupa jibu tofauti kila mara, irudishe hata kama imeandikwa jina la Kijapani kwa herufi za dhahabu. Majina makubwa ya vipimo yanaghushiwa kama yanavyoghushiwa majina ya viatu. Mimi ningechukua Mitutoyo iliyotumika yenye kifimbo chake, sifuri ikiwa inatulia, kuliko mpya isiyo na asili.

Na kwa ambaye bado hana hela ya maikromita, kuna kitu cha bei ndogo sana ambacho hapa nchini hatukitumii vya kutosha: ule uzi wa plastiki, Plastigauge. Unakata kipande, unakilaza juu ya shingo ya krenki iliyofutwa oili yote, unarudisha kofia ya beringi, unakaza kwa kiwango kamili bila kuzungusha krenki, kisha unafungua. Uzi umebapa. Unalinganisha upana wake na mistari iliyo kwenye karatasi yake, na pale pale unajua nafasi ya oili kati ya krenki na beringi. Ukifanya hivyo hutaambiwa "oili presha haipandi" baada ya injini kufungwa, kumwagiwa oili mpya na kuwashwa mbele ya mteja.

Hedi ni rahisi zaidi. Unahitaji rula ya chuma iliyonyooka kweli, ya kiwandani, pamoja na fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi. Kwa 1NZ, uso unaokutana na bloku hautakiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05. Unaisafisha mpaka masalia ya gasketi yaishe, unalaza rula pande ndefu mbili, pande fupi mbili, halafu pembe kwa pembe mara mbili, na kila mahali unajaribu kupitisha jani la 0.05. Likipita, hedi inakwenda kwa wachongaji. Lisipopita, haiendi! Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu tumejenga mazoea ya kupeleka kila hedi ikachongwe, eti ni kawaida. Kila ukichonga unaisogeza kamshafti, mhimili unaofungua vali, karibu na krenki, cheni inalegea upande mmoja na taimingi ya vali inachelewa kidogo. Hedi ikishachongwa mara mbili tatu na mafundi watatu tofauti, bila hata mmoja wao kuipima, mwenye gari anabaki na injini nzito isiyoeleweka.

Nirudi nyuma, kabla hata ya kufungua. Geji ya kompresheni wengi mnaijua. Kwa 1NZ nzima unatarajia karibu psi 213, kiwango cha chini kabisa ni karibu psi 156, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Betri iwe imejaa, plagi zote ziwe nje, injekta na koili zichomolewe soketi, mtu akanyage akseli mpaka chini. Ukipima akseli ikiwa imefungwa unapata namba ndogo, unamwambia mtu ringi zimekwisha, kumbe umeinyima injini hewa mwenyewe. Namba ikiwa ndogo kweli, tia kijiko cha oili kwenye silinda hiyo urudie: ikipanda, tuhumu ringi; isipopanda, tuhumu vali au gasketi. Nunua yenye mpira mrefu unaojifunga kwa thredi kwenye tundu la plagi. Ile ya kukandamiza kwa mkono inataka watu wawili na inavuja. Ya dizeli ni nyingine kabisa, kwa sababu kompresheni ya dizeli inaweza kupita baa 30 na geji ya petroli haikutengenezwa kwa hilo. Usiijaribu.

Lakini ningeulizwa kipi kati ya vifaa vyote vya uchunguzi ningekibeba kama naruhusiwa kimoja, ningesema kipima uvujaji wa silinda. Ni geji mbili zilizofungwa pamoja. Unaleta pistoni juu, vali zote zikiwa zimefunga, unaingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi. Geji ya kwanza inasema hewa inayoingia, ya pili inasema hewa iliyobaki, na tofauti yake ndiyo inayovuja. Halafu unafanya kazi ambayo geji ya kompresheni haiwezi: unasikiliza. Weka sikio kwenye ekzosti. Ukisikia upepo, vali ya ekzosti haikai. Upepo ukisikika kwenye njia ya hewa, ni vali ya kuingizia. Ukisikika kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi au silinda. Ukiona mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi imepasuka au hedi ina ufa. Dakika ishirini, injini haijafunguliwa hata bolti moja ya hedi, na tayari unajua unachokifuata. Mteja naye anaweza kusikia kwa masikio yake. Mwite, mwinamishe pale kwenye mfuniko wa oili, asikie. Bei ya ovahoo haitabishaniwa tena kama awali.

Gari linalochemsha bila kuvuja maji nje lina kifaa chake, na ni cha bei nafuu: kichupa chenye kimiminika cha bluu unachokiweka juu ya rejeta injini ikiwa inaunguruma. Gesi ya moshi ikipenya kwenye maji, bluu inageuka njano. Maji yapunguzwe kwanza yasije yakanyonywa ndani ya kichupa.

Sasa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia bolti, na hapa nitakaa.

Wengi mkisema "nina toki" mna ile ndefu ya nusu inchi, ya nyutoni mita 40 mpaka 200. Ni nzuri kwa nati za matairi. Ni nzuri kwa bolti ya puli ya krenki ya 1NZ, inayotaka 128. Lakini rudini kwenye injini yenyewe. Bolti za hedi za 1NZ zinaanza na nyutoni mita 29. Kofia za kamshafti, ukiacha ile ya mbele, zinataka 13. Mfuniko wa juu wa vali unataka kama 10. Zote hizo ziko chini ya alama ya kwanza ya spana yako! Fundi anashika kifaa cha kitaalamu mkononi na bado anakaza kwa kukisia, kwa sababu kifaa alichonacho hakifiki chini.

Kwa hiyo, kwa fundi injini, toki ya kwanza ni ndogo, ya pembe nne ya robo tatu ya nusu inchi, ile tunayoiita tatu kwa nane, inayoanzia nyutoni mita 10 au chini yake na kufika kama 50. Kubwa inafuata baadaye. Na hata ndani ya kiwango chake, usiiamini kwenye sehemu ya tano ya kwanza. Spana ya mpaka 200 ianze kuheshimika kwenye 40. Viwango vya kimataifa vya vifaa hivi, ISO 6789, vinairuhusu spana ya namna hii kukosea kwa asilimia 4 juu au chini ikiwa mpya na nzima, na vinataka ikaguliwe upya baada ya mwaka au baada ya kukaza mara 5,000 pale mtengenezaji asiposema vinginevyo. Ukimaliza kazi, irudishe kwenye alama yake ya chini kabisa, usiiache springi imebanwa usiku kucha. Wala usiifungulie bolti zilizoganda. Ikiangushwa, ichunguzwe kabla ya kugusa hedi ya mtu.

Angalieni pia lugha ya namba. Kitabu kimoja kinaandika nyutoni mita, kingine futi na paundi, cha Kijapani cha zamani kilo na mita. 29 ya futi na paundi ni 39 ya nyutoni mita. Kosa la theluthi nzima, na namba ni ile ile.

Kwa nini nang'ang'ania namba hizi? Kati ya nguvu unayoitia kwenye bolti, takriban nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa chake, na kama asilimia 40 inaliwa kwenye thredi. Kinachobaki, sehemu moja hivi ya kumi, ndicho kinachoivuta bolti na kuibana hedi. Thredi zikiwa na uchafu, zinakula na hiyo moja. Spana italia "tik" pale pale ilipowekwa, wewe utaridhika, na hedi haijabanwa. Ndiyo maana watengenezaji wengi wakahamia kwenye digrii. Kwa 1NZ unapaka oili kidogo kwenye thredi na chini ya kichwa, unakaza kuanzia katikati ukitoka nje mpaka bolti zote 10 zifike 29. Unachukua rangi, unaweka alama upande wa mbele wa kila bolti. Unazungusha kila moja digrii 90 kwa mpangilio ule ule. Alama zote sasa zinatazama upande. Digrii 90 tena, zinatazama nyuma. Ukisimama juu ya injini unaona kwa jicho moja ipi imesahaulika, wala huhitaji geji ya digrii. Mrija wa rangi unatosha. Geji ya digrii itakufaa kwenye injini zinazotaka nyuzi za ajabu ajabu ambazo jicho haliwezi kuzikadiria.

Mambo mawili kabla sijaiacha hedi. Bolti hizo za 1NZ zina tundu la pembe 12 kichwani, saizi 8. Anayelazimisha alenki ya kawaida ya pembe 6 anakula kichwa cha bolti, kisha anatafuta mtu wa kuchomelea nati juu yake. Biti ya pembe 12 ni kipande kidogo cha chuma, kinunue kizuri. Na matundu ya bloku yapulizwe kwa upepo mpaka yakauke. Maji au oili iliyojaa chini ya bolti haina pa kwenda, haibanwi, na inaweza kupasua bloku.

Najua swali linalokuja: nitajuaje toki yangu ya Kariakoo haisemi uongo? Shirika la Viwango, TBS, lina maabara ya vipimo, na gereji yenye uwezo ipeleke huko. Wewe ambaye huna uwezo huo, tumia jiriwa na ndoo. Bana kwenye jiriwa ile pembe nne ya spana, mpini ulale sawa na sakafu. Pima kwa rula sentimita 30 kutoka katikati ya pembe nne, tundika hapo ndoo yenye maji, yote pamoja iwe kilo 10 kwenye mzani wa dukani. Kilo 10 kwa sentimita 30 ni nyutoni mita 29 na kidogo. Namba ile ile ya hedi ya 1NZ. Weka spana kwenye 29, shusha ndoo taratibu: inatakiwa ilie. Weka kwenye 35, rudia: inatakiwa inyamaze. Mpini wenyewe una uzito wake, kwa hiyo huu si ukaguzi wa maabara, lakini utaitambua spana iliyokwenda kombo.

Dizeli nitazipitia kwa haraka, kwa sababu wanaozifanya kwa dhati watajifunza kwa mabingwa wao. Kwa 1KD na injini za aina yake nunua seti ya vichupa vya kupimia mafuta yanayorudi kutoka kwenye injekta: mirija minne, vichupa vinne, injini iungurume, uone kipi kinajaa kuliko wenzake. Hiyo ndiyo injekta ya kuitazama kwanza. Bila hivyo utamwambia mtu anunue injekta nne, na nne za 1KD ni hela ya kununulia pikipiki. Na ile tabia ya kulegeza paipu ya injekta gari likiwa linaunguruma, mliyoirithi kwa wazee wa dizeli za 3L na 1HZ, ife kabisa kwenye komon reli, ule mfumo wa mafuta ya presha kubwa kama wa 1KD. Mle ndani presha inaweza kupita baa 1,000. Mafuta yanatoboa ngozi, na kidonda kinachoonekana kama tundu la sindano kinaweza kukugharimu mkono.

Sasa vya kuvuta na kushikilia, ambavyo nilisema visitangulie. Puli ya krenki lazima ishikiliwe ili bolti yake ifunguke. Mmeona wenzenu wanavyofanya: mpini mrefu unaegemezwa chini au kwenye chasisi, kisha mtu anagusa stata. Siku mpini ukiteleza hauchagui wa kumpiga. Kishikio unakichomelea mwenyewe: mkono wa chuma bapa na bolti mbili za kuingia kwenye matundu ya puli. Puli nyingi za Toyota zina matundu hayo, na kiwanda kimeyaweka kwa ajili hiyo hiyo. Pula ya kuvutia puli nayo ni chuma, bolti tatu na mchoro. Vijana wanaochonga vyuma chini ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, watakutengenezea ukiwapelekea puli yenyewe mkononi.

Kuna kimoja cha kubana ambacho sikushauri kichomelewe kienyeji: kibano cha springi za vali. Kwenye hedi za vali 16, springi imezama ndani ya shimo la kikombe. Kichwa cha kibano kikiwa kipana kinakwaruza ukuta wa shimo, na kikombe kinaanza kukwama. Kabla hujalipa, peleka kikombe kimoja cha zamani dukani: kichwa cha kibano kiwe chembamba kuliko kikombe. Soketi za gani ya upepo nazo ziwe zile nyeusi. Za kung'aa si za kupigwa na gani. Zinapasuka, na vipande vinaruka.

Vifaa vya kufungia taimingi vya magari ya Ulaya ndivyo vinavyomaliza mitaji. Injini nyingi za huko, na hata zile Mazda za familia ya L, hazina kabari kati ya krenki na gia yake. Gia imeshikwa na mkazo wa bolti tu. Ukilegeza bila kufunga krenki na kamshafti kwa pini zake, taimingi imeondoka na hakuna alama ya kuirudia. Kwa hiyo hapo vifaa si hiari. Lakini kila injini ina seti yake, na seti ya injini unayoiona mara moja kwa mwaka ni hela iliyolala. BMW yenye injini ya N47, ambayo cheni yake iko nyuma upande wa gia boksi, unainunulia seti ya nini kama gereji yako iko Tandika kwenye IST? Kodi. Au mwelekeze mteja kwa anayezifanya, naye kesho atakuletea Toyota. Vivyo hivyo injini za 2AZ za Alphard na RAV4 zinazokula thredi za bolti za hedi kwenye bloku. Seti ya kuchimba na kuweka thredi mpya ina bamba la kuongozea kekee isimame wima, na bila bamba hilo usiiguse bloku ya mtu. Mafundi watano wa mtaa mmoja wakichanga, wananunua moja. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa seti ya aina hii nawapinga, ila liwepo daftari: nani kachukua, lini, na kila kipande kihesabiwe mbele ya wote kinaporudi. Vipimo tu ndivyo visiingie kwenye mchango. Maikromita iliyopita mikono mitano haina mwenyewe, na itakayoangushwa haitatangazwa.

Mwisho mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Nimeiacha nyuma kwa makusudi, maana ndiyo mnayoitamani kuliko vyote. Kile kidude kidogo cha bluetooth kinafaa kuanzia, lakini magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayaongei lugha ya OBD, ile ya kusomea hitilafu, ya Marekani na Ulaya, na kidude kitakaa kimya au kitakupa nusu ya habari. Kabla ya kununua mashine kubwa, muuzaji akubali uichomeke kwenye IST, kwenye Allion, na kwenye gari moja la dizeli. Usitazame kodi za hitilafu tu. Fungua data inayotembea: joto la maji, nafasi ya akseli, marekebisho ya mafuta. Kama haionyeshi hivyo, ni msomaji wa kodi aliyevaa suti. Na ikisema silinda ya tatu inamisi, yaani haiwaki sawasawa, bado haijakwambia kwa nini. Hapo unarudi kwenye geji ya kompresheni na sikio lako kwenye mfuniko wa oili.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye toki zao leo, jiriwa na ndoo ya kilo 10 viko pale chini ya mwembe. Tuanze na za tatu kwa nane, wenye ndefu wasubiri.